Somo: Kuimarisha Springi za Nyuma za Gari la Zamani



Magari mengi yanayotegemewa kwa riziki nchini Tanzania ni magari ya umri mkubwa. Pikapu za Toyota Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Land Rover za miaka iliyopita bado zinapandisha mbolea milimani na kushusha mazao sokoni. Siku moja mmiliki hugundua kuwa gari lake limelala upande wa nyuma, mkia uko chini na taa za mbele zinamulika juu ya miti. Ushauri anaoupata kwa haraka ni mfupi: "Ongeza springi."

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, na unaweza kuwa chanzo cha hatari. Hoja ya somo hili ni moja. Springi ngumu hubadilisha namna gari linavyokaa na mzigo, lakini haiongezi uzito ambao gari limeundwa kuubeba, na inaweza kupunguza nguvu ya breki za nyuma bila dereva kujua. Tunakuomba usome hadi mwisho kabla hujamlipa fundi au muuza spea.

1. Springi za nyuma zinafanya kazi gani

Katika magari tuliyoyataja, mengi yana ekseli moja ya nyuma iliyo ngumu, yenye difu katikati, inayoshikiliwa na springi mbili za bapa, moja kila upande. Springi ya bapa ni mkusanyiko wa vipande virefu vya chuma vilivyopinda kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu zaidi kikiwa juu. Bapa hilo kuu limekunjwa matundu kwenye ncha zake. Ncha ya mbele hufungwa kwenye chesisi kwa bolti na bushi. Ncha ya nyuma hufungwa kwenye shekeli, kiungo kinachochezacheza ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa.

Springi hizi zina kazi tatu kwa wakati mmoja. Zinabeba uzito. Zinaishika ekseli mahali pake, isiende mbele, nyuma wala pembeni. Tena zinapokea msokoto wa ekseli kila dereva anapokanyaga mafuta au breki. Kwa hiyo, anayegusa springi ya bapa amegusa ubebaji, uelekeo na usimamaji wa gari.

Shokomzoba ina kazi nyingine kabisa. Haibebi mzigo, bali hutuliza mrukoruko wa springi baada ya gari kupita kwenye shimo au tuta. Springi bila shokomzoba nzima ni kama mpira unaodunda: haijui wakati wa kutulia.

2. Funzo kutoka kwa magari ya Marekani

Mpangilio huohuo wa ekseli ngumu na springi mbili za bapa ulitumika katika magari ya Marekani yenye injini kubwa ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo hadi leo hutunzwa na kushindanishwa na wapenzi wake. Ford Mustang iliyozinduliwa mwaka 1964 ilikuwa na springi za bapa nyuma. Vivyo hivyo Chevrolet Camaro ya mwaka 1967.

Camaro hiyo ya kwanza ilitoka kiwandani ikiwa na springi za bapa moja tu kila upande. Kwa injini ndogo zilitosha. Kwa injini kubwa, dereva alipokanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli ilijisokota, springi ikapinda kama upinde, kisha ikajiachia. Matairi ya nyuma yakarukaruka badala ya kushika barabara. Kwa magari ya mwaka 1968 kiwanda kilichukua hatua mbili kwa pamoja. Kwanza, magari yenye injini zenye nguvu zaidi yalifungwa springi za mabapa kadhaa. Pili, mpangilio wa shokomzoba ulibadilishwa, moja ikakaa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili kuupinga msokoto ule.

Kwa mlaji, la kuzingatia ni kwamba kiwanda hakikuishia kuongeza bapa. Kiligusa springi na shokomzoba kwa sababu vitu hivyo hufanya kazi kwa pamoja. Lipo na jambo la pili. Wenye magari hayo walitafuta mshiko wa matairi katika mwendo mkali, ilhali mwenye pikapu anatafuta kubeba mzigo. Seti za spea zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano au kwa ajili ya kuinua gari lionekane refu si lazima zifae gari la kazi, hata kama zinaingia kwenye matundu yaleyale ya bolti. Muulize muuzaji seti hiyo imekusudiwa gari gani, na kwa uzito gani.

3. Springi ngumu haiongezi uwezo wa gari

Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, yaani uzito wa juu wa gari likiwa na watu, mafuta na mzigo. Katika magari mengi kikomo hicho kimeandikwa kwenye kibati kilichopo kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na pia kwenye kitabu cha gari. Kikomo hicho hakikupangwa kwa kutazama springi peke yake. Kilizingatia pia ekseli, beringi za magurudumu, rimu, matairi, breki na chesisi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme pikapu ina kikomo cha kilo 2,700, na uzito wake ikiwa tupu ni kilo 1,600. Kilichobaki ni kilo 1,100. Ukiondoa kilo 150 za dereva na mwenzake, zinabaki kilo 950 za mzigo, yaani magunia 9 ya kilo 100. Mmiliki akiongeza mabapa mawili kila upande, pikapu hiyo haitalala tena hata ikipakiwa magunia 15. Kwa macho inaonekana imara. Kwa hesabu, imebeba magunia 6 zaidi ya kikomo, na breki zake ni zilezile, beringi ni zilezile, matairi ni yaleyale. Tena mabapa yenyewe yana uzito, nao unakatwa kwenye zile kilo 950.

Kulala kwa gari lililopakiwa kupita kiasi ni onyo. Springi iliyoongezwa bila hesabu huliondoa onyo hilo na kuiacha hatari palepale.

4. Breki zinapodanganywa na springi

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo iliyotusukuma kuandika somo hili.

Pikapu na magari mengi ya mizigo midogo yana vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Ukiingia chini ya gari utaona mkono mwembamba wa chuma, au springi ndogo, unaounganisha ekseli ya nyuma na vali iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, mbali na ekseli. Mkono huo huiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na gari lisiteleze. Gari likipakiwa, chesisi hushuka karibu na ekseli. Vali hufunguka na breki za nyuma hupata nguvu kamili.

Sasa fikiria gari lililoongezwa springi ngumu. Limepakiwa mzigo kamili, lakini chesisi haikushuka. Kwa vali, gari hilo ni tupu. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati zinapohitajika zaidi, kazi yote inaangukia breki za mbele, nazo zinapata joto kali kwenye mteremko mrefu. Dereva hataona taa yoyote ya tahadhari. Atakachogundua ni kwamba gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na huenda akagundua akiwa tayari nyuma ya basi lililosimama.

Dawa yake ipo. Vali hiyo hurekebishwa upya kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji baada ya kimo cha gari kubadilika. Kwa hiyo, kila unapokubaliana na fundi kuhusu springi za nyuma, uliza swali hili: "Gari hili lina vali ya breki inayofuata mzigo? Kama ipo, utairekebisha namna gani?" Fundi asiyejua jibu, au anayependekeza kuifunga vali hiyo kwa waya, hafai kupewa kazi hiyo.

5. Chunguza kwanza, boresha baadaye

Gari la zamani likilala nyuma, si lazima springi zake ziwe hazikutosha tangu mwanzo. Mara nyingi zimechoka, au kilichochoka si zenyewe. Kabla ya kununua chochote, kagua mambo haya gari likiwa tupu na limesimama mahali tambarare:

(a) Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, na uandike vipimo. Tofauti kubwa kati ya pande mbili huashiria bapa lililovunjika, bushi iliyokwisha au chesisi iliyopinda.

(b) Safisha springi kwa brashi ya waya na utazame kila bapa. Ufa huanza mara nyingi karibu na bolti ya katikati au palipoliwa na kutu.

(c) Tazama bushi za ncha zote na shekeli. Mpira uliopasuka huiacha ekseli icheze, na gari huyumba kama linaendeshwa kutoka nyuma.

(d) Kagua mahali springi inaposhikana na chesisi. Kutu ikiwa imekula hapo, springi mpya itavunja kilichobaki.

(e) Tazama shokomzoba kama inavuja mafuta. Kisha kandamiza kona ya gari kwa nguvu na uachie. Ikiendelea kupanda na kushuka mara kadhaa, shokomzoba imekwisha.

Mara nyingi springi mpya za kipimo cha kiwanda, bushi mpya na shokomzoba mpya hurudisha gari katika hali yake bila kuongeza bapa hata moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi zilizopuuzwa leo huja kudai ekseli kesho.

6. Njia za kuimarisha na gharama zilizojificha

Endapo uchunguzi umeonyesha kuwa gari ni zima, nawe unabeba mara kwa mara mzigo ulio ndani ya kikomo, zipo njia kadhaa. Hazilingani.

*Kuongeza bapa.* Ndiyo njia iliyozoeleka. Ugumu wa bapa hutegemea sana unene wake: unene ukiongezeka maradufu, ugumu huongezeka mara 8. Bapa la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara 2 kuliko la milimita 6 lenye upana na urefu uleule. Kwa hiyo, "bapa moja tu" lililotolewa kwenye lori linaweza kuifanya springi nzima isipinde. Gari likiwa tupu, matairi ya nyuma yatadunda kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi na kupoteza mshiko kwenye kona. Bapa linaloongezwa lilingane na mengine kwa upana na mpindo, na springi za pande zote mbili zibadilishwe kwa pamoja.

*Springi ya msaada.* Hii hukaa bila kugusa gari likiwa tupu, na huanza kufanya kazi mzigo unapoongezeka. Kwa mwenye gari linalobeba mzigo leo na familia kesho, njia hii hulinda utulivu wa gari tupu kuliko kuongeza mabapa mazito.

*Shekeli ndefu.* Shekeli iliyorefushwa kwa sentimita 5 huinua gari takriban sentimita 2.5 tu. Haiongezi ugumu wowote, na inageuza pembe ya difu, hivyo propela shafti huweza kuanza kutetema. Huu ni ubadilishaji wa sura, si uimarishaji.

*Vipande vya kuinulia kati ya springi na ekseli.* Navyo haviongezi ubebaji. Huipa ekseli nafasi zaidi ya kujisokota, kasoro ileile tuliyoiona katika mfano wa Marekani. Kupanga kipande juu ya kipande, au kutumia mbao, ni hatari isiyo na utetezi.

*Kuchoma springi kwa gesi ili ipinde upya, au kuichomelea ilipokatika.* Usikubali. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Moto wa gereji huufuta unyumbufu huo. Springi itarudi chini baada ya muda mfupi, au itakatika ghafla ikiwa na mzigo. Kuichomelea bapa lililokatika ni kuahirisha ajali.

Kuhusu spea za mtumba, tunashauri usinunue springi wala shokomzoba zilizokwishatumika. Uchovu wa chuma hauonekani kwa macho, na rangi mpya nyeusi huficha mengi.

7. Makubaliano na fundi

Kabla gari halijapandishwa kwenye jeki, pata makubaliano ya maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili. Yaonyeshe kazi itakayofanyika, spea zitakazotumika na nani atazinunua, bei ya spea na bei ya ufundi kila moja peke yake, na muda wa dhamana. Ongeza masharti haya manne ya kitaalamu:

1. Yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya. Hutanuka zinapokazwa mara ya kwanza, na zikirudiwa huweza kulegea.

2. Bolti za bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira husokotwa muda wote na kupasuka mapema.

3. Vali ya breki inayofuata mzigo, kama ipo, irekebishwe. Mipira na mabomba ya breki yakaguliwe kuwa hayavutiki ekseli inaposhuka.

4. Spea za zamani zirudishwe kwako. Kwa kuziona utajua kilichobadilishwa kweli.

8. Siku ya kupokea gari

Usilipe sehemu ya mwisho ya malipo kabla ya kufanya haya. Pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, ulinganishe na vipimo ulivyoandika mwanzo. Hakikisha pande mbili zinakaribiana. Endesha gari tupu, kisha likiwa na mzigo ulio ndani ya kikomo, mahali salama pasipo na msongamano. Jaribu breki kwa mwendo mdogo, usikilize mtetemo wa propela shafti. Angalia taa za mbele ukutani usiku, kwa kuwa kuinuka kwa mkia hushusha mwanga wake, na zirekebishwe ipasavyo. Baada ya takriban kilomita 500, rudi gerejini yu-bolti zikazwe upya. Mjulishe pia aliyekukatia bima, ili mabadiliko hayo yasije kuwa hoja ya kukataa fidia.

9. Haki zako

Dai risiti ya kielektroniki kwa kila spea na kwa kazi ya ufundi. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua nini na kwa nani. Spea isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya utambulisho iwekee shaka, hasa bei yake ikiwa chini mno.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Anayekuuzia springi kwa kukuhakikishia kuwa "sasa gari lako litabeba tani mbili", ilhali kibati cha gari kinasema vingine, anakupotosha. Anza kwa kumwandikia muuzaji au fundi barua fupi yenye tarehe, ukieleza kasoro na unachokidai: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Weka nakala, picha na spea yenyewe. Asipotekeleza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani. Ukishuku kuwa bidhaa haikidhi viwango, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Taarifa yako huwalinda pia wanunuzi watakaofuata kwenye kaunta hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kikomo cha uzito wa gari lako ni kilo ngapi, na kibati chake kiko wapi?

2. Ukitoa uzito wa gari tupu na wa watu, mzigo unaoruhusiwa ni magunia mangapi?

3. Gari lako lina vali ya breki inayofuata mzigo? Ilirekebishwa lini?

4. Kati ya springi, bushi na shokomzoba, ni kipi hasa kilichochoka?

5. Fundi wako amekubali kuweka yu-bolti mpya na kukurudishia spea za zamani?

Ukishindwa kujibu swali la kwanza au la tatu, usiongeze springi bado. Tafuta majibu hayo kwanza. Hayana gharama, na ndiyo yatakayokuonyesha kama gari lako linahitaji springi ngumu zaidi, au linahitaji magunia machache zaidi.